Ukiitwa Kupima Kazi ya Daktari Mwenzako

Barua ya mganga mfawidhi imekufikia. Umeteuliwa, wewe na wengine wawili, kupitia kazi ya daktari mwenzenu ambaye mgonjwa wake amefariki, au ambaye malalamiko juu yake yamekuwa mengi. Faili la mgonjwa limeambatishwa. Usilifungue bado. Kuna mambo matatu ya kupanga kwanza: nani anakaa kwenye kamati, kamati inaulizwa nini, na karatasi zake zitakwenda wapi kikao kikiisha. Kamati ya watu wema na wasomi inaweza kumwonea daktari, au kumwonea marehemu, kwa sababu tu ilianza kusoma kabla ya kuyapanga hayo matatu.

Ninaandika nikimfikiria daktari wa hospitali zetu za kawaida: ya mkoa, ya kaunti, ya dayosisi. Huko mabingwa huhesabika kwa vidole. Wote wanajuana, wengi walipita chuo kimoja, na jioni baadhi yao wanapokea wagonjwa wale wale katika kliniki zao binafsi. Haki inawezekana katika hali hiyo, ila inadai maandalizi zaidi kuliko katika hospitali yenye madaktari mia tatu.

Hiki ni kikao gani?

Hospitali zina vikao viwili vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kabisa kwa kazi. Kimoja ni cha kujifunza. Mfano unaojulikana zaidi ni mapitio ya vifo vya wajawazito na watoto wachanga. Kwa mwongozo wa Tanzania, taarifa ya kifo cha mama inatakiwa kutolewa ndani ya saa 24 na kifo hicho kupitiwa ndani ya siku 7. Jina la aliyehudumia halitajwi, maana kinachotafutwa ni pengo katika huduma, lizibwe kabla mama mwingine hajafika. Kikao cha pili ni uchunguzi wa daktari mmoja, na huo unaweza kuishia kwa kumwekea masharti, kumsimamisha, au kumfikisha kwenye baraza la taaluma.

Dhuluma ya kwanza huzaliwa pale vikao hivi vinapochanganywa. Muuguzi anaeleza kwa moyo mweupe, katika kikao cha kujifunza, kwamba alimpigia daktari wa zamu mara mbili, hakupokewa, akasubiri nusu saa kabla ya kumtafuta mwingine. Wiki mbili baadaye maneno yake yamo kwenye barua ya onyo. Habari hiyo huenea wodini siku hiyo hiyo, na tangu hapo mafaili hubadilika. Saa ya kupiga simu haiandikwi tena. Jina la aliyepigiwa haliandikwi. Kikao kijacho cha vifo watu watahudhuria, watasaini, na hawatasema kitu. Mgonjwa ndiye anayelipa gharama ya ukimya huo.

Kwa hiyo liandikwe mapema, na lisomwe mwanzoni mwa kila kikao: yanayosemwa katika kikao cha kujifunza hayaingii kwenye jalada la nidhamu. Kikigundua jambo zito, kwa mfano daktari aliyefika zamu akiwa amelewa, mwenyekiti akisimamishe hapo hapo na kumwarifu mganga mfawidhi kwamba uchunguzi wa aina nyingine unahitajika. Uchunguzi huo ukusanye ushahidi wake upya, kwa watu wanaojua wanaulizwa kwa ajili gani.

Usimwahidi mtu siri usiyoweza kuilinda. Majimbo ya Marekani yana sheria zinazozuia, kwa viwango tofauti, karatasi za mapitio ya madaktari zisitumike kama ushahidi mahakamani. Kwenu, muulize mwanasheria wa hospitali kabla ya kuwaambia wenzako kwamba haya yatabaki humu ndani.

Nani akae mezani

Kisa kinachofundisha zaidi kuhusu jambo hili kilitokea mbali, ila daktari yeyote wa mji mdogo ataitambua hali yake. Astoria ni mji ulioko kwenye pembe ya kaskazini magharibi ya jimbo la Oregon, Marekani. Wakati huo ulikuwa na watu wapatao 10,000 na hospitali moja tu. Wengi kati ya madaktari wa hospitali hiyo walikuwa wabia au waajiriwa wa kliniki moja binafsi. Mwaka 1972 kliniki hiyo ilimwajiri daktari wa upasuaji, Timothy Patrick. Baadaye ilimkaribisha awe mbia. Akakataa, akafungua kazi yake mwenyewe, akawa mshindani wao. Tangu hapo madaktari wa kliniki waliacha karibu kabisa kumpelekea wagonjwa. Walikuwa radhi kuwatuma kwa madaktari wa upasuaji walio umbali wa maili 50. Mwaka 1981 mmoja wa madaktari wa kliniki aliiomba hospitali ipitie upya ruhusa ya Patrick ya kufanya kazi pale, na kamati tendaji ikapendekeza ifutwe, kwa hoja kwamba huduma yake ni chini ya kiwango. Kamati iliyoundwa kumsikiliza iliongozwa na mbia wa kliniki hiyo hiyo. Wajumbe walipotakiwa waeleze kama wana kinyongo naye, walikataa. Patrick akaona mwisho unakuja, akajiuzulu kabla haujatamkwa.

Alikwenda mahakamani. Jopo la raia lilimpa fidia ya dola 650,000, ambayo kwa sheria ya ushindani wa kibiashara iliongezwa mara tatu. Mahakama ya rufaa ikaibatilisha kwa hoja za kisheria, ingawa yenyewe ilikubali kwamba upo ushahidi wa kutosha kuwa wale madaktari walitenda kwa nia mbaya. Mwaka 1988 Mahakama ya Juu ya Marekani ikaitengua hukumu hiyo ya rufaa, na Patrick akashinda. Katika miaka yote hiyo ya mashauri, swali la msingi halikupata kamati safi ya kulijibu: je, mkono wake katika upasuaji ulikuwa salama au la? Kama ulikuwa salama, mji ulinyimwa daktari. Kama haukuwa salama, ushahidi wa kweli ulizama ndani ya ugomvi wa biashara, na wagonjwa hawakupata kujua.

Basi kabla ya faili kufunguliwa, kila mjumbe aandike kwa mkono wake uhusiano alionao na daktari anayepitiwa. Je, wana biashara pamoja, au wanashindana? Ni msimamizi wake? Ni ndugu, shemeji, mkwe? Wamewahi kugombana, hata kama walipatanishwa? Alikuwa zamu usiku ule? Je, daktari huyu akiondoka, mjumbe atarithi zamu zake, nafasi yake, au wagonjwa wake? Swali hili la mwisho ndilo linalosahaulika sana, nami nalihesabu kuwa zito kuliko yote. Aliyekuwa zamu usiku ule ni shahidi, na hawezi kuwa hakimu. Mkuu wa idara aliyepanga ratiba ya zamu naye yumo ndani ya kesi, hata kama jina lake halimo kwenye faili. Kisha daktari anayepitiwa apewe majina ya wajumbe na nafasi ya kumpinga yeyote kwa sababu iliyoandikwa.

Utaambiwa kwamba ukichuja hivyo hatabaki mtu. Huenda ni kweli, na dawa yake ni kutoka nje. Omba bingwa wa mkoa wa pili. Omba chama cha taaluma kikupendekezee mtu: kwa madaktari wa uzazi Tanzania kuna AGOTA, Kenya kuna KOGS, na kwa upasuaji kuna chuo cha COSECSA chenye makao yake Arusha. Nakala ya faili, majina yakiwa yamefutwa, inaweza kusomwa na mtu aliye kilomita mia tano bila gharama ya nauli. Anayesoma awe wa fani ile ile. Daktari wa watoto asipime namna mwenzake alivyoshona mfuko wa uzazi. Awe pia amewahi kufanya kazi katika mazingira yanayofanana. Bingwa ambaye maisha yake yote amekuwa na benki ya damu ghorofa ya chini hukosea kwa urahisi anapomhukumu aliyekuwa na chupa mbili tu za damu kwa wilaya nzima.

Patrick akiwa bado anahangaika mahakamani, mwaka 1986 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kuwalinda wanaopitia kazi za madaktari wenzao dhidi ya madai ya fidia, kwa masharti manne. Wawe wametenda kwa imani ya kweli kwamba wanaboresha huduma. Wawe wamejitahidi ipasavyo kupata ukweli. Daktari awe amepewa taarifa na kusikilizwa kwa njia ya haki. Na hatua waliyochukua iwe inalingana na ukweli uliopatikana. Bandika masharti hayo ukutani mwa chumba chenu cha vikao. Usiyategemee, hata hivyo, yafanye kazi peke yake. Lawrence Poliner, daktari wa moyo wa Dallas, aliwekewa mipaka ya kazi na kisha kusimamishwa mwaka 1998. Mwaka 2004 jopo la raia lilimpa fidia ya zaidi ya dola milioni 360, na mwaka 2008 mahakama ya rufaa ikaifuta yote kwa sababu sheria ile iliwakinga waliompitia. Kinga ya mahakamani ni jambo moja. Kama mwenzako alitendewa haki ni jambo jingine, na hilo linabaki mikononi mwenu mlioketi.

Andika swali, kisha ficha mwisho

Kamati iliyoulizwa kama daktari fulani ni mzembe imeshapotea njia. Swali liwe la saa na la uamuzi: saa nane usiku, kwa taarifa zilizokuwa mkononi na watu waliokuwapo, daktari mwenye mafunzo kama yake angefanya nini? Intani apimwe kwa kiwango cha intani, kisha iulizwe nani alipaswa kumsimamia na alikuwa wapi.

Kama wasiwasi ni uwezo wa daktari kwa ujumla, faili moja halitoshi, na mafaili kumi yaliyochaguliwa na mlalamikaji ni mabaya zaidi ya moja. Chukua mafaili kwa mfululizo, ya kipindi fulani, bila kuruka. Chukua na ya wenzake wa idara hiyo hiyo. Ondoa majina, yachanganye, yasomwe pamoja. Daktari anayepokea rufaa nzito zote za wilaya atakuwa na vifo vingi kuliko anayepasua ngiri asubuhi na kwenda nyumbani. Bila kulinganisha, idadi ya vifo inaweza kumwadhibu yule hasa aliyekubali kubeba mzigo ambao wengine waliukwepa.

Sasa jambo ambalo naamini lingeondoa nusu ya dhuluma katika kazi hii, na ambalo halihitaji fedha. Mwaka 1991 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilichapisha utafiti wa Caplan na wenzake. Wataalamu wa usingizi 112 walipewa visa 21 wavipime kama huduma ilifaa. Kila kisa kilikuwa na sura mbili zilizofanana neno kwa neno isipokuwa mwisho wake: katika moja mgonjwa aliumia kwa muda, katika nyingine alipata madhara ya kudumu. Huduma ilikuwa ile ile. Hata hivyo, katika visa 15 kati ya 21, mwisho mbaya ulishusha kwa kiasi kikubwa idadi ya waliosema huduma ilifaa. Hawa walikuwa wataalamu wenye uzoefu, na hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote. Kujua tu kwamba mgonjwa aliumia vibaya kulitosha kubadilisha macho yao.

Kwa hiyo ficha mwisho. Mtu wa kumbukumbu, ambaye hayumo kwenye kamati, atengeneze nakala ya faili inayokomea pale uamuzi unaobishaniwa ulipofanywa. Mjumbe asome hadi hapo, aandike yeye angefanya nini, atie saini na saa. Ndipo apewe sehemu iliyobaki. Katika mji mdogo huenda wote mmeshasikia aliyefariki ni nani. Bado andikeni kwa utaratibu huo, kwa sababu kuandika kunamlazimisha mtu asimame mahali alipokuwa amesimama mwenzake. Hii pia ni sababu nyingine ya kumtafuta msomaji wa mbali ambaye hajasikia lolote.

Kila mjumbe aandike maoni yake kabla hamjazungumza. Mwaka 2001 Hayward na Hofer walichapisha utafiti wa mafaili ya vifo kutoka hospitali 7 za wanajeshi wastaafu wa Marekani, na madaktari waliosoma mafaili yale yale walitofautiana sana kuhusu vifo vipi vingeweza kuzuilika. Tofauti hizo ni habari muhimu, zisizikwe chini ya maafikiano ya haraka. Mkikutana, mdogo kwa cheo aseme kwanza. Bingwa mkubwa akishatamka lake, wengine watalitafutia maneno ya kulipamba.

Hospitali nayo iko kwenye mizani

Februari 2018, katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta, Nairobi, mgonjwa alifunguliwa fuvu kimakosa. Mgonjwa mmoja alikuwa na bonge la damu kwenye ubongo lililohitaji kuondolewa. Mwingine alikuwa na uvimbe ambao haukuhitaji upasuaji. Utambulisho wao ulichanganywa, na waliokuwa kwenye chumba cha upasuaji waligundua baada ya kutafuta bonge wasilione. Daktari aliyepasua, ambaye alikuwa bado anasomea ubingwa, alisimamishwa pamoja na wauguzi na mtaalamu wa usingizi. Wenzake walipinga hadharani. Mkurugenzi wa hospitali naye aliambiwa aende likizo.

Tafakari ni mikono mingapi ilimgusa mgonjwa yule kutoka wodini hadi mezani. Ni kwa ajili ya makosa ya namna hiyo Shirika la Afya Duniani lilitengeneza orodha ya ukaguzi kabla ya upasuaji, ambapo timu nzima husimama na kutaja kwa sauti jina la mgonjwa, upasuaji unaofanywa na mahali pake. Hospitali ya Mtakatifu Fransisko ya Ifakara ilikuwa mojawapo ya hospitali 8 duniani zilizoijaribu. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo katika hospitali hizo kwa ujumla vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Kamati inayopitia upasuaji ianze basi na orodha hiyo. Ipo? Inasomwa kwa sauti, au inajazwa chai ikinywewa, upasuaji ukiwa umekwisha? Nani ana mamlaka ya kusema simama?

Njia nzuri ya kufanya hivi ni kuchora mstari wa saa. Tuseme mama amejifungua saa saba usiku na damu haikati. Chini ya mstari andika kila kilichotokea na dakika yake: mkunga alipomwita daktari, daktari alipofika, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi ilipotolewa, damu ilipoombwa, damu ilipofika, bingwa alipopigiwa, gari la rufaa lilipoondoka. Juu ya mstari andika kilichohitajika ili kila tendo lifanyike: daktari mmoja anahudumia wodi ngapi usiku huo, friji ya dawa ilikuwa na umeme, ufunguo wa chumba cha damu ulikuwa na nani, simu ya wodi ilikuwa na salio, gari lilikuwa na mafuta. Mara nyingi utaona dakika arobaini zilizolaumiwa kuwa za daktari zilipotelea kwenye ufunguo. Utaona pia, mara nyingine, kwamba kila kitu kilikuwapo na daktari alilala. Mstari wa saa hausemi uongo kwa upande wowote, ndiyo maana naupenda.

Kisha ugawe makosa kwa aina. Ernest Codman, daktari wa upasuaji wa Boston, alifanya hivyo zaidi ya miaka 100 iliyopita. Katika hospitali yake ndogo, kati ya 1911 na 1916, aliandika matokeo ya wagonjwa 337 na kukiri makosa 123, akayachapisha. Alitenganisha kukosa ujuzi wa mikono, kukosa busara ya uamuzi, kukosa uangalizi au vifaa, na kushindwa kutambua ugonjwa. Na kando yake akaweka yale ambayo ugonjwa wenyewe ulikuwa umeshashinda. Mgawanyo huo bado unafaa, kwa sababu kila aina ina tiba yake. Asiye na ujuzi hufundishwa. Asiye na vifaa hununuliwa vifaa. Barua ya onyo haimfundishi mtu kushona.

Msikilize

Katiba ya Tanzania, ibara ya 13(6)(a), inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu na ya kukata rufaa pale haki zake zinapoamuliwa na mahakama au chombo kingine. Ya Kenya, ibara ya 47, inadai uamuzi wa kiutawala uwe wa haki na inampa anayeathirika haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Kamati yako ndogo haiko nje ya hayo.

Kwa vitendo: apewe barua inayotaja tarehe, namba za mafaili na jambo linalolalamikiwa katika kila faili. “Utovu wa umakini” si tuhuma mtu awezayo kuijibu. Apewe nakala ya yote mtakayoyatumia. Apewe muda: sheria ya Marekani niliyoitaja inataka zisipungue siku 30 kati ya taarifa ya kikao na kikao chenyewe, na mimi sioni sababu ya kushuka chini ya wiki mbili. Aje na mtu wa kumsaidia. Awaulize maswali wanaomlalamikia. Malalamiko yasiyo na jina yanaweza kukuonyesha faili la kutazama, lakini yasisomwe mezani kama ushahidi.

Je, asimamishwe kazi wakati uchunguzi unaendelea? Pale tu wagonjwa wa kesho wako hatarini, na kwa muda mfupi uliotajwa. Kwa Marekani usimamishaji wa kupisha uchunguzi hupewa siku 14. Kabla ya kumsimamisha tafuta njia nyepesi zaidi: apasue akiwa na mwenzake, asifanye aina fulani ya upasuaji, maamuzi yake ya usiku yapate sauti ya pili. Kumsimamisha daktari miezi mitano “kupisha uchunguzi” ambao haujaanza ni hukumu iliyotolewa bila kesi.

Jambo jingine linaniuma. Shauri likiwa gumu, wengi huona afadhali daktari ahamishwe, au aandike barua ya kuacha kazi, mambo yaishe kimya. Kwa kufanya hivyo wanawadhulumu watu wawili. Kama yeye ni hatari, wamempeleka kwa wagonjwa wa wilaya nyingine wasiojua lolote. Kama hana kosa, wamemnyima jibu, na tetesi itamfuata hadi astaafu. Marekani, tangu kanzidata ya taifa ya madaktari ilipofunguliwa mwaka 1990, daktari anayeacha ruhusa yake ya kazi hospitalini akiwa chini ya uchunguzi huandikwa humo, hata kama uchunguzi haukukamilika. Kwetu, maliza ulichokianza. Uchunguzi uendelee hata akiwa ameondoka, na apewe matokeo.

Kama wewe ndiye unayepitiwa

Andika maelezo yako mapema, kumbukumbu ikiwa bado mbichi, na uyaweke kwako. Usiliguse faili. Ukikumbuka jambo ambalo hukuliandika, liongeze kama nyongeza, kwa tarehe na saa ya leo, na saini. Daktari mwenye kesi nyepesi hujiangamiza kwa kubadilisha saa moja tu kwenye karatasi. Usiwapigie mashahidi simu. Usisaini barua ya kujiuzulu uliyoandaliwa na mtu mwingine. Omba mapema, kwa maandishi, mafaili ya kulinganisha niliyoyataja. Na ukijua kwamba ulikosea, sema ulipokosea na saa ngapi; kamati nzuri hulipa uzito mkubwa jambo hilo, na familia ya mgonjwa inalistahili.

Kuandika uamuzi

Ripoti itenganishe ukweli uliothibitishwa, kiwango kilichotumika kupimia, na maoni ya kamati. Mjumbe asiyekubaliana aandike kwa nini. Mapendekezo kwa daktari na mapendekezo kwa hospitali yakae ukurasa mmoja, yakiwa na majina ya wahusika na tarehe, ili mganga mfawidhi asitekeleze ya upande mmoja na kuyasahau ya upande wa pili. Rufaa isikilizwe na watu wengine kabisa. Mkiona jambo limezidi uwezo wa hospitali, yaani daktari hafai kuendelea na kazi hii, lipelekeni kwa wenye mamlaka ya leseni: Baraza la Madaktari Tanganyika kwa Tanzania Bara, au KMPDC kwa Kenya. Msijaribu kumfuta ninyi wenyewe kwa kumchosha.

Familia iambiwe nini? Iambiwe kilichotokea na kinachobadilishwa, na mtu mwenye cheo, ana kwa ana, kwa lugha wanayoielewa. Hawadai jina la mtu wa kuchukiwa mara nyingi kama tunavyodhani, wanadai kutodanganywa.

Daktari akionekana hana kosa, aandikiwe barua inayosema hivyo waziwazi, yenye saini ya yule yule aliyesaini barua ya kwanza. Arudishwe kwenye ratiba ya zamu wiki hiyo hiyo, na kwenye kazi zile zile alizozuiwa. Posho iliyokatwa irudishwe. Na kama kusimamishwa kwake kulitangazwa katika kikao cha asubuhi mbele ya wauguzi na wanafunzi, barua hii nayo isomwe katika kikao cha asubuhi, mbele ya wauguzi na wanafunzi.